Taa Iliyokuwa Ikiingia kwa Zamzam

Hitma ya Zamzam ilisomwa Majengo mwezi uliopita, na pilau ilikuwa bado haijapakuliwa watu walipokimbilia nje kutazama juu. Nilikuwa nimeketi mkekani na wanawake wenzangu, magoti yananiuma kama kawaida yake, nikasikia vijana wanapiga kelele barabarani: "Cheki! Cheki hiyo maneno!" Nikajikokota nami hadi mlangoni. Mstari wa taa ndogo nyeupe ulikuwa ukipita angani, zimefuatana kama shanga kwenye uzi, kimya kabisa, zinatoka upande wa mjini na kwenda zake. Simu zote zilikuwa zimeinuliwa. Mama mmoja alishaanza dua kwa sauti, na kijana wa kinyozi alikuwa anaapa kwamba hizo ni ndege za vita. Mjukuu wa marehemu, msichana wa sekondari, akanishika mkono. "Mwalimu, ni nini hiyo? Si mbaya?" Nikamwambia ni setilaiti za kupeleka intaneti, zimerushwa pamoja juzijuzi na bado hazijatawanyika, jua limeshazama kwetu huku chini, lakini kule juu bado linazimulika, ndiyo maana zinang'aa. Akanitazama kwa masikitiko kidogo, maana jibu langu lilikuwa fupi na halikuwa na vita wala kiama ndani yake. Nimefundisha jiografia miaka mingi na mtazamo ule naujua. Watu hawapendi kunyang'anywa ajabu yao wakiwa ndiyo kwanza wameishika.

Niliporudi kukaa sikuweza tena kufuata kisomo. Mawazo yalikuwa yamekwenda mwaka niliomaliza shule, nikisubiri nafasi ya chuo cha ualimu, nikilala na mama yangu mdogo katika nyumba ya Bi Saumu, si mbali na hapo tulipokuwa tumekaa. Mengine ya ukoo wangu hayahusiki. Kinachohusika ni ile nyumba, kwa sababu bila umbo la ile nyumba mambo haya yasingetokea. Ilikuwa nyumba ya udongo na mabati kama nyingi za Majengo wakati huo: ukumbi mrefu katikati, vyumba pande zote mbili, na nyuma yake uani, pamezungukwa na kuta na mapaa kila upande, hata ukikaa pale mkekani huoni cha duniani ila kipande cha mbingu juu ya kichwa chako. Chumba cha Bi Saumu, mwenye nyumba, kilikuwa upande wa mashariki wa uani, mlango wake ukitazama ndani ili amwone kila anayekwenda chooni. Ng'ambo yake, upande wa magharibi, kilikuwa chumba cha Zamzam na mumewe Athumani, aliyeuza makoti ya mitumba Gikomba. Kuta za vyumba hazikufika juu kwenye bati. Mtu akikohoa huku, wa kule anamwambia pole, na siri ilikuwa kitu cha kunong'onwa mbele ya sufuria inayochemka.

Athumani aliugua kifua, akapelekwa hospitali, akarudi akiwa maiti. Zamzam alikuwa bado msichana, kwa macho yangu ya leo. Wakati ule, mimi nikiwa na miaka kumi na tisa, nilimwona mtu mzima sana. Hawakuwa wamejaliwa mtoto; wana na wajukuu walikuja na mume wa baadaye. Baada ya matanga akakaa eda, miezi minne na siku kumi, kama ilivyo kwa mjane wa Kiislamu: nguo zisizo na urembo, hakuna manukato, hakuna kutoka nje ya nyumba ila kwa dharura. Mipaka yake ikawa chumba chake na uani. Mimi, kwa kuwa sikuwa na kazi, nikawa miguu yake. Nilimletea sukumawiki na nyanya, nilimpangia ndoo kwenye foleni ya bomba, na kila jioni nilikula naye. Zamzam alikuwa akipika kama bado wako wawili. Hakuweza kuupunguza mkono. Anasonga ugali, anaugeuza kwenye sinia, halafu anautazama ulivyo mkubwa, ananisukumia mimi upande uliozidi. Nilijua ninakula sehemu ya nani. Nilikula yote kila siku, maharagwe ya nazi, mchicha, omena wa kukaanga, hata nilipokuwa nimeshiba, na nikanenepa mwaka ule kuliko mwaka mwingine wowote wa ujana wangu.

Aliyeiona taa kwanza ni mama mdogo. Ilikuwa baada ya swala ya magharibi, tumekaa uani tunachambua mchele, akaacha mkono kwenye ungo na kuinua kidevu. Juu ya paa la Zamzam ilikuwa imesimama taa nyeupe, kubwa, yenye mwanga uliotulia, si kama nyota zinazokonyezakonyeza. "Ile ya nani?" akauliza, kama mtu anayeuliza mwenye kiatu kilichoachwa mlangoni. Tukaitazama. Ikawa inashuka polepole, na tulipokuwa tunatundika ungo ilikuwa imegusa bati la Zamzam, ikapunguka, ikaingia. Sina neno jingine. Kwa mtu aliyekaa pale uani, iliingia. Kesho yake ikaja tena, ikashuka palepale, ikaingia palepale. Wiki ya pili nyumba nzima ilikuwa inaimaliza kazi yake mapema ili ikae kuitazama, huku kila mtu akijifanya anapunga upepo.

Walichokidhania sikuambiwa, nilikisikia ukutani. Bi Saumu na mama mdogo walikuwa jikoni wanakaanga viazi, na mimi nimelala chumbani na kitabu usoni. "Mume kaburini hata majani hayajaota," alisema Bi Saumu, "na huyo anakuja kila jioni kama ana ufunguo." Mama mdogo akasema labda ni roho ya Athumani inaitafuta nyumba yake. "Roho ya Muislamu haitembei na taa," akajibu Bi Saumu. "Huyo ni mahaba." Nilielewa. Jini mahaba, kwa watu wetu, ni yule anayempenda mwanamke na kumfanya mke wake, akamfukuzia waume wa kibinadamu, au akawaua. Ukimwambia hivyo mjane aliye edani, asiye na mtoto, umemwambia mambo mawili kwa mpigo: kwamba anazini na kwamba amemuua mumewe. Mafuta yalikuwa yanalia kwenye karai. Bi Saumu akashusha sauti zaidi. Ramadhani isiwakute na jambo lile ndani ya nyumba, akasema. Kabla mwezi haujaandama, Zamzam apelekwe kwa kaka ya marehemu, Kibera, amalizie huko siku zake. "Na haya ni ya nyumba. Hayatoki mlangoni."

Sitaki msomaji amchukie Bi Saumu. Mimi nilimchukia kwa muda, na sasa nikiwa na umri wake wa wakati ule naona mambo aliyokuwa nayo shingoni. Alikuwa mwanamke mmoja, bila mume, mwenye nyumba iliyojaa wapangaji, katika mtaa ambao watu wa nje waliutaja kwa kubetua midomo. Jina la nyumba ndiyo mali aliyokuwa nayo. Athumani alipokufa ni yeye aliyemshika Zamzam kichwa usiku wote, ni yeye aliyewapikia waombolezaji, na wala hakuna aliyemwomba. Alimpenda yule binti. Aliogopa tu kwamba kilichokuwa kikiingia kwake kitahamia chumba cha pili, halafu cha tatu. Na hakuwa mjinga hata kidogo. Macho yake mwenyewe yalimwambia jambo lilelile kila jioni, na sisi sote tulikuwa tumekaa mkeka mmoja naye, tunaona alichokiona.

Nilimwambia Zamzam. Nilidhani atalia, na kweli alilia, lakini si kwa sababu ya jini. "Nikitolewa hapa kabla ya siku zangu, Rukia, hata nikizeeka nitakuwa yule aliyefukuzwa edani. Nani atauliza kwa nini? Watasema tu, si yule." Alijifuta machozi kwa upindo wa leso. "Athumani hakuniachia kitu. Sikumzalia. Kumkalia eda nyumbani kwake ndilo jambo la mwisho ninaloweza kumfanyia, na hilo nalo waninyang'anye?" Nikamuuliza kama na yeye anaiona taa. Akasema anaiona kila siku, akitoka mlangoni pake na kugeuka, ikimjia juu ya kichwa. Sikumuuliza zaidi. Sahani ilikuwa katikati yetu, chapati na ndengu, na kwa mara ya kwanza tangu afiwe hakunisukumia chochote, na chakula kikapoa.

Kesho yake nilikwenda kumtafuta mwalimu wangu wa zamani wa jiografia, Mwalimu Odera, nikamkuta anasahihisha madaftari na kalamu nyekundu mkononi. Nilimweleza yote isipokuwa neno mahaba. Hakuinua hata kichwa. "Hiyo ni Zuhura," akasema. "Sayari. Inang'aa kwa sababu ina mawingu mazito na iko karibu, jua likiipiga inarudisha mwanga. Nilikufundisha hayo. Ulikuwa unapiga soga na nani?" Nikauliza mbona inashuka. Akasema haishuki, dunia ndiyo inayozunguka, na kila kilicho upande wa magharibi kitazama, jua, mwezi, na Zuhura vilevile. Nikarudi mbio nikifurahi. Nilimkuta Bi Saumu anapembua maharagwe, nikamwambia yote, kwa ufasaha kabisa, nikachora hata duara kwenye vumbi. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa heshima. "Nyota nazijua, mwanangu," akasema. "Babangu alikuwa akizijua kwa majina. Nyota ina njia yake juu huko. Hii inaingia kwa mtu." Akafuta duara langu kwa mguu, bila ubaya, kwa kuwa lilikuwa njiani, akaendelea na maharagwe yake. Tangu siku ile sijawahi kuamini kwamba jibu sahihi linatosha.

Kilichotuokoa ni uji. Zamzam alikuwa na hamu ya uji wa wimbi, na uji mzuri wa mtaa ule ulikuwa wa Mama Njeri, aliyekaa ploti ya nyuma yetu, upande huohuo wa magharibi, mwanamke wa Murang'a mwenye sauti ya kuita watu kutoka mbali. Nilikuwa nimezoea kwenda asubuhi, lakini siku ile nilichelewa, giza likaniingilia kwake. Nimesimama uani kwake na chupa ya chai mkononi ndipo nikaiona. Taa ileile. Haikuwa juu ya paa la Zamzam, ambalo sasa lilikuwa nyuma yangu. Ilikuwa imesimama juu ya choo cha ploti yao, na ikawa inashuka. Nikamwangalia Mama Njeri, naye akawa anaangalia sufuria kwa bidii isiyo ya kawaida. "Mama Njeri, ile..." "Wachana nayo," akanikatiza. "Uwi! Usiongee juu yake. Hiyo kitu inaingianga kwa hiyo choo kila jioni. Watu hapa hawaendi tena kama jua imeshuka. Watoto wanafanyia kwa karai." Nikamuuliza kwa nini hakutuambia. Akaweka mkono kiunoni. "Na nyinyi mngeniambia ya kwenu?"

Nilicheka pale hadi uji ukamwagika. Kumbe hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kila uani una kipande chake cha mbingu, na kila uani una kitu upande wa magharibi: chumba cha mjane, choo, jiko. Kitu kilicho mbali sana, mamilioni ya kilomita, ukipiga hatua mia hakibadiliki mahali. Kinakufuata, na paa linaloonekana chini yake ndilo linalobadilika. Mtu wa mashambani, aliyezoea uwanda wazi, asingekosea hivyo hata siku moja. Ilihitaji watu wanaoishi kwenye nyumba zilizojifunga, na ilihitaji zaidi ya hapo watu wanaositiriana, wenye kuona haya kutoa ya nyumbani mlangoni. Pangekuwa na mmoja tu asiye na adabu, tungelijua jambo hili wiki ya kwanza. Nikamsimulia Mama Njeri yetu yote, jina la Zamzam nikilitaja, na nikamwomba jambo moja: jioni ya kutazama mwezi aje kiwanjani.

Jioni ile ya kutazama mwezi wa Ramadhani mtaa wote ulikuwa ukitoka, Waislamu na wasio Waislamu, kwa kuwa mwezi hauna tiketi. Watu walisimama kiwanjani, pale penye nafasi, uso kuelekea mjini ambako jua lilikuwa limetua. Zamzam alibaki nyumbani, peke yake, nguo zake zikiwa tayari zimefungwa kwenye furushi la shuka. Kesho yake asubuhi shemeji yake angekuja kumchukua. Nilisimama karibu na Bi Saumu, nikimtafuta Mama Njeri kwa macho. Mbingu ilikuwa safi. Mwezi ulikuwa bado, lakini ile taa ilikuwepo, imening'inia juu peke yake, kubwa kuliko siku zote, na nikaona jinsi watu walivyokuwa wakiitazama na kuangalia pembeni. Mama Njeri akaja akipenya katikati ya watu, leso kichwani, akasimama mbele ya Bi Saumu. "Habari ya jioni, mama. Sasa hebu niambie," akasema kwa sauti ile yake, "hiyo si ndiyo inaingianga kwa choo yetu?"

Bi Saumu akavuta buibui lake. "Choo gani?" "Ya kwetu! Kila siku. Tumeitia hata maji ya baraka." Mzee Rajabu, muuza samaki wa kukaanga wa mtaa wa pili, akageuka polepole. "Samahani, mama," akasema, "ile inaingia kwetu. Kwa fundi redio." Fundi redio alikuwa amesimama hatua chache kutoka pale. "Kwangu?" akapaza sauti. "Ndiyo maana hamniitikii salamu? Mwezi mzima nawasalimia kama ukuta!" Hapo ndipo kizuizi kilipovunjika. Mmoja akasema kwao inaingia kwenye banda la mbuzi, na mbuzi wameuzwa. Mwanamke wa nyumba ya kona akasema kwao inaingia kwa mama mkwe wake, na yeye, Mungu amsamehe, hakuwa amesikitika. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Walikuwa wakionyeshana kidole, ile, ile, si ileile, wakirudi nyuma hatua kadhaa na kusogea mbele kuona kama itahama, na haikuhama. Mtu akapiga kelele kwamba mwezi huo hapo, mwembamba kama ukucha, na takbiri zikapanda katikati ya kicheko. Bi Saumu peke yake hakucheka. Alitazama taa, akatazama mapaa ya mtaa, halafu akaanza kurudi nyumbani bila kumsubiri mtu. Nikamfuata. Mlangoni akasimama, amenipa mgongo. "Mwambie Zamzam afungue lile furushi," akasema. "Na kesho tutafuturu pamoja, uani."

Niliingia kwa Zamzam mbio, nikamsimulia kwa sauti zote, ya Mama Njeri, ya Mzee Rajabu, ya fundi redio, nikitarajia atacheka kama sisi. Alisikiliza ameshika fundo la furushi. "Wote wameiona?" "Wote, dada. Kila nyumba." "Kwao vilevile inaingia?" "Kila mahali inaingia." Akakaa kitandani. "Basi hakuwa yeye," akasema. Kicheko kikaniishia mdomoni. Ndipo aliponieleza kwamba yeye hakuwahi kuiogopa ile taa hata siku moja. Athumani alikuwa akirudi kutoka Gikomba saa zile, baada ya magharibi, na taa ilikuwa ikija saa zilezile. Zamzam alikuwa akiitolea habari za siku, polepole, asisikiwe na nyumba: leo Rukia ameleta mchicha, leo bomba lilikuwa kavu. Ikigusa bati, anajisemea amefika. Niliumia sana kumsikia. Yeye ndiye aliyeniambia pole. "Afadhali nijue," akasema. "Ila mimi sikuiona ikiwa kwa wengine. Nyinyi mmetembea, mmeona. Mimi nikitoka mlangoni bado iko juu yangu. Naamini kwa kuwa ni wewe unaniambia." Akafungua furushi, akazitundika nguo zake moja moja.

Ramadhani ile tulifuturu uani, nyumba nzima, na Mama Njeri akituletea uji juu ya ukuta. Bi Saumu hakuomba radhi kwa maneno, si desturi ya watu wa umri wake kwa watu wa umri wetu. Alikuwa akimchagulia Zamzam kaimati zilizoiva vizuri na kumwekea mbele. Taa ilikuwa ikija chini zaidi kila wiki, ikaanza kuingia tukiwa bado na tende mdomoni, na sasa watu wakaifanyia mzaha, wakiuliza leo itafuturu kwa nani. Kabla ya Idi ikawa haionekani tena. Baadhi walisema dua za mwezi mtukufu zimeiondoa. Nikawaachia wajisemee. Mimi nilikuwa nimepata barua ya chuo, nina mambo yangu, na juu ya mbingu nilidhani nimeshajua ya kutosha.

Siku za Zamzam zikatimia. Bi Saumu mwenyewe alimwogesha, akamfukiza udi, akampa leso mpya nyekundu. Asubuhi ya kwanza ya uhuru wake, adhana ya alfajiri ikiwa imekwisha na anga likianza kupambazuka kidogo, akanigongea dirisha. Nilitoka nikijifuta uso. Alikuwa amesimama katikati ya uani amevaa ile leso, ameelekea mashariki, na akanionyesha kwa kidevu. Juu ya paa la Bi Saumu, ndiyo kwanza imejitokeza kwenye bati, ilikuwapo taa. Ileile, nyeupe, imetulia. "Imelala kwa Bi Saumu," akaninong'oneza. Leo ningeweza kulieleza jambo lile darasani kwa dakika mbili: Zuhura iko karibu na jua kuliko sisi, haiachani nalo mbali, kwa hiyo miezi mingine inalifuata jioni, halafu inapita katikati yetu na jua, inapotea kwenye mwanga wake, na kutokea upande wa pili, ikilitangulia asubuhi. Wakati ule nilisimama tu kinywa wazi. "Tangu lini?" nikamuuliza. "Tangu baada ya Idi. Kila nikitoka kutawadha naiona inatoka kwake." "Na hukusema?" "Niseme nini? Waanze kumuuliza mtu mzima analala na nani?" Nilikuwa nimeshapiga hatua kuelekea mlango wa Bi Saumu. Akanishika mkono. "Mwache," akasema. "Twende tukaione."

Tukatoka. Alisita kidogo kizingitini, akavuta pumzi, akavuka. Barabarani taa haikuwa tena juu ya Bi Saumu. Ilikuwa juu ya nyumba ya mbele. Zamzam akaniangalia. Tukaipita ile nyumba, ikawa juu ya nyingine. Tukaipita hiyo, ikawa juu ya msikiti, halafu juu ya duka la mkaa, halafu juu ya mwembe wa jirani fulani aliyekuwa akipiga mswaki nje na kutuitikia salamu bila kujua kilicho juu yake. Kila ilipohama Zamzam alinibana mkono na kucheka, leso kinywani. Watu wa Gikomba walikuwa wakishuka na mabunda yao mgongoni, na mmoja tu ndiye aliyemtambua, akamwambia za siku, dada, akaenda zake. Tulitembea hivyo kuelekea mashariki mpaka nyumba zikaisha mbele yetu na anga likafunguka, na pale taa haikuwa juu ya nyumba ya mtu yeyote. Alisimama akaitazama muda mrefu. "Kumbe iko mbali hivi," akasema, na machozi yakamtoka, na hakuyafuta. Tulikaa pale mpaka jua likaanza kuimeza, ikawa doa, ikawa haipo.

Tuliporudi Bi Saumu alikuwa uani amechutama mbele ya jiko, upepeo mkononi, anapuliza makaa yaliyokataa kushika. Zamzam akamwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba, akamtazama kuanzia leso hadi miguu yenye vumbi. "Umetoka mapema hivyo? Umelala vyema, mwanangu?"

"Vyema, Bi Saumu. Na wewe je, umelala vyema?"

"Fofofo," akasema Bi Saumu. "Hata panya sikusikia."

"Alhamdulillahi," akajibu Zamzam, akamchukulia upepeo mkononi, akachutama kando yake, akaanza kupepea.